Funga Chupa, Usimfunge Mtoto

Katika nyumba moja ya kupanga wilayani Temeke, yenye vyumba vinane vinavyotazamana na uani mmoja, yupo mtoto wa kike wa miezi 19 ambaye majirani wamempachika jina la Bibi Afya. Jina hilo limetokana na tabia yake ya kuingia kila chumba bila hodi, kufunua kila sufuria, kuchungulia kila ndoo, kisha kuondoka kimya kama mkaguzi aliyekwisha kuandika taarifa yake. Mlango ukifungwa huusukuma. Usipofunguka hukaa kizingitini na kungoja, kwa kuwa anajua kwamba mwenye chumba atatoka tu.

Mama yake, muuza vitumbua, humsimulia kwa fahari iliyochanganyika na uchovu. Mtoto huyu alisimama dede mapema, akatembea akiwa na miezi 11, na tangu siku hiyo mbeleko imekuwa adui yake. Akibebwa hujinyonganyonga hadi ateremshwe. Akilishwa hunyakua kijiko, na uji ukimmwagikia kifuani huutazama kwa utulivu kana kwamba ndivyo alivyokusudia. Neno lake la tatu, baada ya "mama" na "maji", lilikuwa "mwenyewe". Viatu huvaa mwenyewe, cha kulia mguu wa kushoto na cha kushoto mguu wa kulia, na ole wake atakayethubutu kumsahihisha. Jogoo wa jirani, anayewakimbiza hata watu wazima, yeye humkimbia.

Mama huyo aliwahi kuuliza swali ambalo wazazi wengi huliuliza kliniki, wengine kwa kicheko na wengine kwa machozi: je, mtoto wa namna hii ni mtundu, ni mkaidi, au ana kasoro? Kwa watoto walio wengi, jibu ni kwamba si mtundu, si mkaidi, wala hana kasoro. Ni mtoto anayekua kama inavyompasa. Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu umri huohuo unaompa mtoto miguu na udadisi haujampa bado utambuzi wa hatari. Hapo ndipo mzazi na mhudumu wa afya wanapokuwa na kazi ya kufanya pamoja.

Kazi ya mtoto

Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema katika nchi za Ghana, India, Marekani, Norwei na Oman, na matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Ilionekana kwamba watoto wazima wa afya huanza kutembea bila kushikwa katika muda mpana, kuanzia kama miezi 8 hadi karibu miezi 18. Wengine hutambaa kwanza kwa miezi mingi, na wachache hawatambai kabisa kwa mikono na magoti. Kwa hiyo aliyetembea kwa miezi 11 hakufanya muujiza, na jirani yake anayesubiri hadi miezi 15 hajachelewa.

Mwaka 2012, watafiti walioongozwa na Karen Adolph wa Chuo Kikuu cha New York waliwachunguza watoto wa miezi 12 hadi 19 wakicheza kwa hiari yao. Kwa wastani, katika saa moja mtoto alipiga hatua 2,368 na kuanguka mara 17. Takwimu hiyo inafaa kukumbukwa na kila mzazi anayelalamika kwamba mwanawe hatulii. Mtoto anayeanguka mara 17 kwa saa na kuinuka kila mara yuko kazini. Anajifunza uzito wa mwili wake, mteremko wa sakafu, tofauti ya mchanga na saruji, na umbali kati ya mkono na kitu anachokitamani. Hakuna mwalimu anayeweza kumfundisha mambo hayo kwa maneno.

Neno "mwenyewe" nalo lina maana yake. Mtaalamu wa makuzi Erik Erikson, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1950, aliueleza umri wa mwaka wa pili na wa tatu kuwa ni wakati ambapo mtoto hujenga hisia ya kujitegemea, au, akizuiwa na kuaibishwa kila mara, hujenga haya na kutojiamini. Mtoto anayeng'ang'ania kijiko hashindani na mama yake. Anajaribu kuthibitisha kwamba yeye ni mtu, mwenye mikono yake na nia yake.

Mtoto anayegeuka

Lipo jambo jingine ambalo mama wa Bibi Afya alilieleza kama kichekesho, na kwa kweli ndilo muhimu kuliko yote. Kila mtoto huyo anapoanza safari ya kuvuka uani, hufika katikati, husimama, na kugeuka kumtazama mama yake. Mama akiwa pale pale kwenye jiko lake, safari huendelea. Mama asipoonekana, mkaguzi mzima husahau kazi yake na kurudi mbio akilia.

Tabia hii ilipata kuchunguzwa kwa makini hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwatazama mama na watoto wao majumbani mwao, na mwaka 1967 akachapisha kitabu kuhusu watoto wachanga wa Uganda. Aliona kwamba mtoto aliyekwisha kuweza kutambaa humtumia mama yake kama kituo salama: huondoka kwenda kuchunguza dunia, hugeuka kuhakikisha, hurudi kujituliza, kisha huondoka tena. Mtoto aliyekuwa na hakika ya kumpata mama alipomhitaji ndiye aliyethubutu kwenda kuchunguza. Uchunguzi huo wa vijijini Uganda ukawa mojawapo ya misingi ya elimu ya leo kuhusu uhusiano wa mtoto na mlezi.

Funzo lake ni jepesi kulisema na gumu kulitenda. Ujasiri wa mtoto haupingani na mapenzi yake kwa mama, unatoka humo. Anayemwitikia mtoto anapolia, akamkumbatia na kumwachia tena aende, hamdekezi. Anampa mahali pa kurudi, na kwa sababu hiyo anampa uwezo wa kwenda.

Siku ya chupa

Bibi Afya alipokuwa na miezi 16, umeme ulikatika usiku. Taa ya mafuta ikajazwa, na mafuta ya taa yaliyobaki yakaachwa ndani ya chupa ya maji ya kunywa, chini, pembeni ya kitanda. Alfajiri mama akatoka uani kuwasha jiko. Mtoto akaamka, akaiona chupa anayoifahamu, akanywa fundo moja.

Kikohozi chake ndicho kilichowaita watu. Uani ulijaa mara moja, na kila mmoja alikuja na tiba: huyu maziwa, yule mafuta ya kula, mwingine akataka kumtia mtoto kidole kooni atapike. Jirani mmoja aliyewahi kufanya kazi katika zahanati aliwazuia wote. Mtoto alivuliwa nguo zilizolowa mafuta, akaoshwa ngozi, akapelekwa kwa bajaji kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe. Alikuwa akipumua haraka. Alipewa oksijeni, akalazwa siku mbili, akapona.

Jirani yule alikuwa sahihi kabisa. Mafuta ya taa hudhuru zaidi yanapoingia katika mapafu kuliko yanapokaa tumboni. Kumtapisha mtoto, iwe kwa kidole, maziwa au mafuta ya kula, huyapa nafasi ya pili ya kupita kooni na kuingia katika njia ya hewa. Kwa hiyo asitapishwe, na mhudumu naye asimsafishe tumbo. Mtoto apelekwe kituoni hata akionekana mzima, na akaangaliwe kwa saa zisizopungua 6, kwa kuwa kupumua kwa shida kunaweza kujitokeza baadaye.

Yaliyofuata nyumbani hayakuandikwa katika cheti cha kutoka wodini. Hofu ilimwingia mama. Bibi wa mtoto akashauri kama alivyofanyiwa na wazee wake, na kila alfajiri, wakati vitumbua vikikaangwa, mtoto akawa anafungwa kwa kanga kiunoni na ncha ya pili kwenye mguu wa kitanda. Alipolia, alipewa simu yenye katuni. Wiki zikapita. Mtoto aliacha kusema "mwenyewe". Akaanza kupiga na kung'ata, akawa halali vizuri usiku.

Alipofikisha miezi 18 alipelekwa kliniki kupata chanjo ya pili ya surua na rubela. Baada ya kumpima uzito na kujaza kadi, muuguzi aliuliza swali moja: mtoto anacheza wapi? Mama alianza kujibu, akashindwa, akalia. Alipomaliza kueleza, muuguzi hakumlaumu. Alimwambia jambo ambalo mama huyo sasa hulirudia kwa kila jirani: chupa ndiyo ya kufungwa, si mtoto.

Ushauri huo una msingi wa kitaalamu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili ahitaji walau dakika 180 za kujishughulisha kwa mwili kila siku, za aina mbalimbali na kwa nyakati tofauti za siku. Asifungwe mahali pamoja, iwe mgongoni, kitini au vinginevyo, kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Alale jumla ya saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Mtoto wa mwaka mmoja hashauriwi kukalishwa mbele ya runinga au simu kabisa, na wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku.

Mzazi apige magoti

Kuufunga mlango wa hatari huanza kwa kuiona nyumba kama mtoto anavyoiona. Mama wa Bibi Afya alishauriwa apige magoti na kupita chumba chake na uani, polepole, akigusa kila kinachofikika kwa mkono mfupi. Alishangaa kwa yale aliyoyakuta.

Kwanza ni vitu vya kunywa visivyo vya kunywa. Mafuta ya taa, dawa ya madoa, sumu ya panya na kemikali za kutengenezea sabuni havipaswi kuwekwa kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Vikae katika vyombo vyake, juu, mahali panapofungwa. Vivyo hivyo dawa. Vidonge vya kuongeza damu, ambavyo mama wengi hubaki navyo baada ya kujifungua, huonekana kama peremende, lakini vichache tu vyaweza kumuua mtoto mdogo.

Pili ni moto. Jiko la mkaa lililowekwa chini liko usawa wa kifua cha mtoto. Sufuria ya uji iliyoepuliwa na kuachwa sakafuni ipoe ni hatari kama ile iliyo jikoni. Jiko lizungushiwe kizuizi au liinuliwe, na vyakula vya moto viwekwe mbali na ukingo wa meza na nje ya vitambaa vinavyovutika. Mtoto akiungua, sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi yasiyo ya barafu kwa dakika 20, ifunikwe kwa kitambaa safi, na apelekwe kituoni. Dawa ya meno, yai, unga na mafuta visipakwe.

Tatu ni maji. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Viwango vya juu zaidi viko kwa watoto wa mwaka mmoja hadi minne. Si lazima iwe bahari au ziwa. Kichwa cha mtoto wa umri huu ni kizito kulinganisha na mwili wake; akiinama ndani ya ndoo akatumbukia, hawezi kujiinua. Tena hapigi kelele. Ndoo na beseni zimwagwe baada ya matumizi au zifunikwe kwa kifuniko kinachobana, na kisima au shimo la maji liwe na mfuniko imara.

Nne ni vidogo vinavyomezwa. Karanga nzima, mbegu, shanga, sarafu na betri bapa ndogo za saa na vitu vya kuchezea visiwe mikononi mwa mtoto huyu. Karanga asagiwe. Betri ya aina hiyo ikinasa katika umio yaweza kuuchoma kwa muda wa saa mbili tu, hivyo mtoto anayedhaniwa kuimeza awahishwe hospitali bila kungoja dalili.

Mtoto wa wote, mlinzi ni nani?

Uani wa nyumba ya kupanga ni neema kwa mtoto. Una macho mengi, mikono mingi na michezo mingi. Lakini macho mengi yana hasara yake: kila mmoja hudhani mwenzake anatazama. Ajali nyingi za nyumbani hutokea watu wakiwapo. Dawa yake ni kukabidhiana kwa maneno. Mama anayeingia bafuni amtaje mtu mmoja kwa jina na kumwambia kwamba sasa mtoto ni wake, naye aitikie. Dada wa miaka saba anaweza kucheza na mdogo wake. Hawezi kubeba dhamana ya uhai wake.

Katika uani wa Bibi Afya, majirani walikubaliana jambo dogo. Saa ya alfajiri ya kukaanga vitumbua, ambayo ni saa ya hatari kuliko zote, mjane wa chumba cha mwisho humchukua mtoto na kukaa naye barazani, mbali na jiko. Malipo yake ni vitumbua viwili na chai.

Wahenga walisema mwana akililia wembe mpe. Wengi huichukua methali hiyo kuwa ruhusa ya kumwacha mkaidi ajikate apate kujifunza. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu haifai. Hawezi kulinganisha kosa la leo na maumivu ya jana, na kumchapa kwa kugusa moto humfundisha kuogopa mkono wa mzazi kabla ya kuuogopa moto. Kinachomfaa ni wembe kuondolewa na kitu kingine kuwekwa mkononi mwake: kijiko cha mbao, kifuu cha nazi, kikombe cha plastiki. Apewe uchaguzi ulio salama, kati ya kikombe hiki na kile, apate kutumia nia yake bila kuumia. Katazo liwe fupi, lilelile kila siku, na lihifadhiwe kwa mambo ya hatari. Akigaagaa kwa hasira, mzazi akae karibu, atulie, angoje. Hasira ya umri huu hupita.

Utulivu unaotia shaka

Si kila mwendo ni udadisi, na si kila utulivu ni adabu. Mtoto wa miezi 18 asiyetembea, asiye na neno hata moja lenye maana, asiyenyoosha kidole kuonesha anachokitaka au kinachomfurahisha, au asiyegeuka aitwapo kwa jina, achunguzwe. Aliyekuwa na maneno au ujuzi fulani kisha akaupoteza achunguzwe mara moja, kwa umri wowote. Mtoto anayekwenda bila kugeuka kabisa, asiyejali mlezi yupo au hayupo, huenda ana tatizo la kusikia au dalili za usonji, na msaada wa mapema humfaa zaidi kuliko kungoja akue. Mtoto aliyepooza pembeni, asiyetaka kugusa chochote, huenda ana upungufu wa damu, utapiamlo au maradhi ya muda mrefu. Mara nyingine anayehitaji msaada ni mama, ambaye sonona imemwondolea nguvu ya kumwitikia mwanawe.

Hudhurio la miezi 18 ni nafasi adimu ya kuyaona hayo, na wazazi wengi huliruka kwa kuwa mtoto anaonekana mzima. Wahudumu nao, wakikabiliwa na foleni ndefu, huishia kwenye mizani na sindano. Yapo maswali matatu yasiyohitaji kifaa wala fomu mpya, na yanaweza kuulizwa wakati kadi ikijazwa. Mtoto anacheza wapi? Nani humwangalia wakati wa kupika? Akienda mbali, hugeuka kukutazama? Jibu la kwanza huonesha kama amefungwa au ana nafasi ya kukua. La pili huonesha hatari inapongoja. La tatu huonesha kama mtoto anaye mtu wa kumrudia. Mzazi akisita katika lolote kati ya hayo, kadi isirudishwe mkononi mwake kabla hajapata nafasi ya kueleza.